Gramu Nane za Nyumba ya Salfa

Katika nchi ya Mlingano watu hawajuliani hali. Anayekutana na mwenzake husema, "Sawa?" na mwenzake hujibu, "Sawa," hata kama katoka kuzika. Nilikaa huko msimu mzima wa mvua. Nilikuwa mwalimu wa hesabu za madarasa ya chini, nikiwa na hamu ya kuwaona watu wanaosifiwa kwa haki, na haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu.

Haki ya Mlingano ni ya mizani. Katiba yao ina kifungu kimoja tu: gramu ya mtu ni sawa na gramu ya mtu. Kila kinachogawiwa hugawiwa kwa uzito, na mizani ikishatulia hakuna ruhusa ya kunung'unika. Niliingia duka la viatu ambamo mteja hupimiwa gramu mia nane za viatu, na mwenye bahati hupata cha kulia na cha kushoto. Niliona wagonjwa wawili, mmoja ana homa na mwingine kavunjika mguu, wakipewa gramu zilezile za dawa ileile, wakashukuru kwa pamoja. Hakuna aliyecheka.

Wala watu hao si wajinga, wala si wakatili hata kidogo. Zamani nyumba nzito zilizidharau nyumba nyepesi, zikapigana mpaka mashamba yakawa vichaka. Vita vilipokwisha walikubaliana mambo mawili: kwamba kila kitu kitapimwa sawa, na kwamba mtu hatamwuliza mwenzake uzito wa nyumba yake milele. Kuuliza hivyo ni aibu kubwa kuliko kumvua mtu nguo sokoni.

Nyumba, kwao, ni ukoo. Kuna Nyumba ya Chuma, ya Shaba, ya Makaa, ya Salfa na nyingine nyingi, na kila nyumba hutunza unga wake ndani ya mtungi kama sisi tunavyotunza picha za marehemu. Mtoto akifikia utu uzima mama yake humnong'oneza jambo moja: moli moja ya punje za nyumba yao, yaani hesabu moja kubwa mno ya punje iliyo ileile kwa kila nyumba, ina gramu ngapi. Hulibeba neno hilo mpaka kaburini bila kumwambia mtu wa nje.

Nilipanga chumba kwa Bi Kidawa wa Nyumba ya Salfa, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, ambaye ncha za vidole vyake zilikuwa za manjano kwa kuushika unga wa ukoo wake. Alikuwa hana mume wala mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Tumu, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu kunyonya. Nyumba yao ilikuwa Mtaa wa Mabaki, na jina la mtaa huo sikulielewa mpaka Tumu aliponieleza, siku moja tukichambua mchele barazani.

"Mwalimu, kwenu mnaoanaje?" aliniuliza.

"Kwetu watu hupendana, wazee wakazungumza, mambo yakaisha."

"Na sisi hupendana," akasema Tumu. "Kisha tunapimwa."

Akanieleza. Bibi na bwana harusi huleta unga wa nyumba zao mbele ya Mtunza Mizani, kila upande gramu kumi na nne. Vitanga vya mizani vikilingana, Mtunza Mizani husema "Sawa," na unga wote humiminwa katika bakuli la udongo. Wawili hao huuchanganya kwa vidole vyao, bakuli hufunikwa na kutiwa motoni. Humo ndani punje moja ya upande huu hushika punje moja ya upande ule, mkono kwa mkono. Kila punje ikipata mwenzake, hutoka jiwe jeusi ambalo si chuma tena wala si salfa, na hao wawili ni mke na mume. Unga ukibaki, hata kidogo, hakuna ndoa, kwa sababu kuna aliyebaki peke yake ndani ya bakuli.

"Wakibakiza, wanafanyaje?"

"Hurudia mara moja. Wakibakiza tena, ndiyo basi. Anayebakiza huhamia mtaa huu." Akatupa kijiwe uani. "Wengi huoana nyumba kwa nyumba, mwalimu. Huko gramu kwa gramu haimwonei mtu. Lakini mimi nimempenda Shamte, na Shamte ni Chuma."

Alilitamka jina la Shamte kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimekolea. Bi Kidawa, aliyekuwa akifua karibu yetu, aliacha kusugua, kisha akaendelea.

Bakuli la Tumu lilipikwa kwenye uwanja wa mizani, mchana, mbele ya watu wengi. Mtunza Mizani aliitwa Bwana Mngwali. Alikuwa mtu mzima wa Nyumba ya Chuma, kanzu yake imepigwa pasi hata kwenye mikono, na kofia ya cheo iliyompa kivuli usoni. Alipima bila haraka. Vitanga vilitulia, akasema "Sawa," na unga wa kijivu na wa manjano ukamiminwa. Tumu na Shamte waliuchanganya kimya, vidole vyao vikigusana. Bakuli likapata moto, likawaka lenyewe ndani kwa ndani, jekundu kama jicho la jiko, hata mimi nikasahau kuwa mgeni, nikapiga makofi.

Lilipopoa, Bwana Mngwali alilipitishia sumaku. Hakuna kilichoruka. Hata punje moja ya Chuma haikubaki. Lakini pembeni mwa lile jiwe jeusi palikuwa na utando wa manjano, umeganda, na harufu ya salfa ilitufikia sote.

"Imebaki," akasema Bwana Mngwali, na sauti yake haikuwa na kitu ndani yake.

"Salfa tena," mtu akasema nyuma yangu.

"Wale ndivyo walivyo," akajibu mwingine. "Wamezidi. Hawajai bakulini bila kumwagika."

Tumu alilisikia hilo. Alisimama akiuangalia ule utando wa manjano kana kwamba ulikuwa umetoka mwilini mwake. Shamte alitaka kumshika mkono, lakini askari wa uwanja akaingia katikati kwa upole, akamwambia, "Mdogo wangu, bado."

Tuliporudi nyumbani Bi Kidawa alipika uji ambao hakuna aliyeunywa. Tumu alipoingia chumbani, yeye alibaki akikoroga chungu kilichokwisha kupoa.

"Mwalimu," akasema, "yule Mngwali alikuwa bwana harusi wangu."

Nikavuta kigoda, nikaketi karibu naye.

"Alikuwa karani tu wa mizani wakati ule, na mcheshi! Alikuwa akiwaigiza wakubwa zake mpaka nashika mbavu. Tukapika bakuli, likabaki. Tukapika la pili, likabaki vilevile, manjano yaleyale. Mimi nikahamia hapa. Yeye hakuoa. Akapanda cheo mpaka akawa wa juu kabisa, na tangu hapo hajapita mtaa huu. Huzunguka kwa nyuma ya soko." Akaweka mwiko chini. "Sikumlaumu. Nilidhani ni mimi niliyezidi. Nimeishi nikijipunguza, mwalimu. Nimepunguza kucheka, nimepunguza kusema. Sasa namtazama Tumu, na yule mtoto hana cha kupunguza."

Siku za kungojea bakuli la pili nilikwenda kusikiliza mjadala katika Baraza la nchi, kwa maana habari za Tumu zilikuwa zimezungumzwa mjini na wakubwa waliona ni vyema waonekane wakijadili. Mlingano ina vyama viwili. Wanagramu husema kwamba haki ni uzito, na uzito hauna upendeleo. Siku hiyo msemaji wao alipendekeza unga wa Salfa ufundishwe unyenyekevu kwa kuanikwa juani kabla ya harusi. Wanamoli husema kwamba bakuli halijui gramu, linajua punje, moja kwa moja, moli kwa moli, basi zihesabiwe. Nikadhani hao wamekaribia ukweli, mpaka nikapelekwa kuona ukumbi wao wa kuhesabia.

Humo makarani walikuwa wamekaa kwa safu, kila mmoja na sindano na sahani ya unga, wakisogeza punje. Niliyemsalimia hakuitika, asije akapoteza hesabu. Mkuu wao akanieleza kwa fahari kwamba sahani ile ilianzwa na babu wa karani yule.

"Na itakwisha lini?"

"Kwisha?" akasema, kama mtu aliyeulizwa bahari itakwisha lini.

Nilitoka humo nikiwa na jambo linalonikereketa, lakini sikulijua bado.

Siku hiyo hiyo alasiri, Bi Mosi, mama yake Shamte, alikuja Mtaa wa Mabaki kumpa pole mkwewe mtarajiwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kiburi cha Chuma na macho yaliyovimba kwa kulia. Tulikula pamoja mihogo ya nazi. Walizungumza habari za mvua na za bei ya kuni, wakizunguka kidonda wote wawili. Nami, ambaye sikulelewa na adabu ya nchi ile, nikauliza kwa sauti kile kilichokuwa kikinikereketa.

"Samahani. Punje moja ya chuma na punje moja ya salfa, ipi nzito?"

Tumu aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Bi Kidawa akatazama sakafu. Bi Mosi alirudisha muhogo sahanini.

"Mgeni hajui," Bi Kidawa akasema haraka. "Msamehe."

"Nisameheni," nikasema. "Nilikuwa nafikiria machungwa na ndimu tu. Kwetu, dazeni ni kumi na mbili, iwe ya machungwa au ya ndimu. Ukitaka kila chungwa lipate ndimu yake, unachukua dazeni kwa dazeni. Lakini ukipima kilo ya machungwa na kilo ya ndimu, mizani itatulia vizuri kabisa, na ndimu zitabaki nyingi. Hazikubaki kwa sababu ni mbaya. Zimebaki kwa sababu ni nyepesi, na kwenye kilo moja zimo nyingi."

Bi Mosi aliaga mapema. Mlangoni alisimama akiwa ametupa mgongo, akauliza bila kugeuka, "Umesema zinabaki kwa sababu ni nyepesi?"

"Ndiyo, mama."

Akaenda zake.

Siku ya bakuli la pili uwanja ulijaa kuliko mwanzo, maana watu hupenda kuona mlango ukifungwa. Tumu alivaa kanga za marehemu mama yake. Shamte alikuwa amekonda. Bwana Mngwali alitandaza kitambaa, akaweka mizani, akanyoosha mkono kupokea unga wa Chuma. Gramu kumi na nne zikawekwa. Akanyoosha mkono kwa upande wa Salfa.

"Ngoja kidogo, Bwana Mngwali," akasema Bi Mosi.

Alikuwa amesimama. Alivuka uwanja peke yake, pale ambapo mama wa bwana harusi hapaswi kuvuka, mpaka mbele ya Bi Kidawa.

"Bi Kidawa, dada yangu. Nakuuliza mbele za watu, na Mungu anisitiri. Moli moja ya nyumba yenu ina gramu ngapi?"

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Mwanamke mmoja alifunika masikio ya mtoto wake. Bi Kidawa alimtazama Bi Mosi kwa muda, na machozi yakaanza kumtoka, lakini hayakuwa ya aibu. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua.

"Thelathini na mbili," akasema. "Moli yetu ni gramu thelathini na mbili."

"Yetu ni hamsini na sita," akasema Bi Mosi, kwa sauti, ili aibu iwe yao wote wawili.

Baada ya hapo jambo lenyewe lilikuwa jepesi, hata wanafunzi wangu wangeliweza. Shamte ndiye aliyelifanya, kwa kijiti mchangani. Unga wao wa Chuma ni gramu kumi na nne; gawanya kwa hamsini na sita, ni robo ya moli. Punje za robo moli zinahitaji punje za robo moli, si zaidi wala si pungufu. Robo moli ya Salfa ni robo ya thelathini na mbili.

"Nane," akasema Tumu, kabla Shamte hajamaliza kuandika. "Ni gramu nane." Kisha akasema polepole, "Lile la kwanza tulitia kumi na nne. Sita zilikuwa hazina wa kumshika. Hazikuwa na kosa lolote."

Bi Kidawa alipima gramu nane, akazimimina kwenye kitanga. Upande wa Chuma ukashuka, upande wa Salfa ukapanda na kubaki juu, ukining'inia mbele ya watu wote.

Sasa, sheria ya Mlingano inasema bakuli haliwezi kupikwa mpaka Mtunza Mizani aseme "Sawa." Na Mtunza Mizani anayesema "Sawa" juu ya vitanga visivyolingana hana kazi tena. Wajumbe wa Wanagramu walikuwepo mstari wa mbele, na mmoja wao alikwisha kusimama. Bwana Mngwali aliutazama mkono wa mizani uliokaa mshazari. Aliutazama muda mrefu. Nilimwona akihesabu kwa midomo, bila sauti, na sidhani kwamba alikuwa akihesabu unga wa Tumu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza kofia haikuutia kivuli. Akamtazama Bi Kidawa.

"Sawa," akasema.

"Bwana Mngwali!" yule mjumbe akapaza sauti. "Mizani imeinama!"

"Naiona. Nimesema sawa."

Wakamimina. Wakachanganya. Bakuli likapata moto, likawaka ndani kwa ndani, na safari hii hakuna aliyepiga makofi, kila mtu aliogopa. Lilipopoa Bwana Mngwali alipitisha sumaku, hakuna kilichoruka. Akaliinamisha bakuli ili watu waone ndani. Palikuwa na jiwe jeusi, na pembeni mwake udongo mtupu. Akaliinua puani, akanusa, akampa Bi Mosi naye anuse.

"Hakuna aliyebaki," akasema.

Shamte alicheka kwa sauti ya kupasuka, kama mtu aliyetua mzigo ghafla. Tumu hakucheka. Alimkimbilia Bi Kidawa, akamkumbatia kiunoni kama alivyokuwa akifanya utotoni, na wale wawili wakasimama hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka wenyewe, kwa staha.

Ningependa kuandika kwamba sheria ilifutwa. Haikufutwa. Baraza liliunda kamati, na kamati iliamua kwamba kilichotokea ni sawa kwa gramu kumi na nne na gramu nane tu, na kwamba Nyumba nyingine zisubiri. Bwana Mngwali alivuliwa kofia ya cheo. Lakini nilianza kusikia sokoni watu wakiulizana kwa minong'ono, wakiangalia kando, na anayeulizwa hakukasirika kama zamani. Mzee mmoja wa Nyumba ya Makaa alimwambia jirani yake wa Shaba, "Kumi na mbili, bwana. Ni nyepesi, lakini ndiyo sisi," na wote wawili wakabaki wakiona haya na kufurahi.

Nilikuwa nafunga mizigo yangu, asubuhi, mvua imekatika, nilipomwona Bwana Mngwali akiingia Mtaa wa Mabaki. Alikuwa kichwa wazi, na mvi zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhania. Wenye mtaa walitoka milangoni wakimtazama. Bi Kidawa alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Hakusimama.

"Hodi, Bi Kidawa."

"Karibu."

Alisimama chini ya ngazi, mikono haijui ikae wapi. "Nimekuja kukuuliza."

"Kuuliza nini? Si ulikuwepo uwanjani? Umekwisha kusikia."

"Nilisikia," akasema. "Lakini aliyeuliza hakuwa mimi."

Bi Kidawa aliendelea kusuka. Mimi nilijifanya nafunga kamba ambayo ilikuwa imekwisha kufungwa. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mapaa.

"Basi uliza," akasema.

Bwana Mngwali alivuta pumzi. "Moli moja ya nyumba yenu, Kidawa, ina gramu ngapi?"

Aliuweka ukili chini, akamgeukia, akamjibu taratibu, kama mtu anayelitamka neno hilo kwa mara ya kwanza.

"Thelathini na mbili," akasema. "Na yenu, Mngwali?"